Tawi Alilolinywesha Akida

Wakati wa Mdachi, miaka michache kabla ya vita, nilikuwa mfinyanzi wa vyungu Kilole, hapa Korogwe, na nilimdanganya akida. Nalisema mapema ili mtu asije akadai nimelificha. Nilimdanganya karibu miezi mitatu, mchana kweupe, uani kwake, na maji ya kazi ile aliyamimina yeye mwenyewe.

Kwetu hasa ni Kang'ata, upande wa Handeni. Korogwe nilikuja kuolewa. Mume wangu akafariki mapema, nikabaki na mikono yangu na udongo. Udongo wenyewe ulikuwa sehemu moja tu, kwenye ukingo wa mto: mweusi, laini, hauna mchanga, ukiuvuta unanyooka bila kukatika. Kisha akaja Mdachi wa mkonge. Akapima shamba lake mpaka majini, akazungusha seng'enge, na ukingo wetu ukawa ndani. Sisi wanawake wafinyanzi sita tukawa nje. Tulijaribu kuchimba kwingine, lakini vyungu vilipasuka motoni kimoja baada ya kingine, na wateja wakaanza kutuuliza kama tumesahau kazi.

Mpishi wa yule Mdachi alikuwa Msambaa, Mkristo aliyesomea misheni huko kwao milimani. Mimi Mzigua, yeye Msambaa, basi hatukuonana bila kutaniana. Siku moja alikuja kwangu kutafuta mtungi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Dada," akasema, "bibi yetu amepata wazimu."

"Amekula chakula chako?"

"Sikiliza kwanza. Anataka mzee mdogo kwenye sahani."

Nilicheka nikadhani anatunga. Kumbe ni kweli. Yule bibi, mke wa Mdachi, alikuwa anajifunza Kiswahili kwa bidii, na bidii yake ilikuwa kubwa kuliko Kiswahili chenyewe. Alikuwa amewatangazia watumishi wote: "Nataka mzee mdogo. Mzee mdogo, kwenye sahani, hapa barazani." Msimamizi, ambaye hakuzoea kuuliza mara mbili, alimpelekea kibarua mmoja mfupi mwenye mvi, mtu wa Magoma. Mzee wa watu alisimama barazani asubuhi nzima, amenawa mikono, akisubiri hiyo sahani, kwani aliamini ameitwa kula.

Ndipo bibi alipoleta picha. Kilikuwa kimti kifupi kisichozidi urefu wa mkono, kimepandwa kwenye chombo kipana kama sinia, shina lake limejipinda na kukunjamana kama la mti wa miaka mingi. Alikuwa amekiona katika maonyesho huko kwao, kimeletwa kutoka nchi za mbali mashariki, na tangu hapo hakukisahau. Alitaka mti mzee ulio mdogo. Na alisema atakayempatia, aombe kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wake.

"Mtunza bustani amempelekea miche," mpishi akaendelea. "Kila siku miche. Bibi anasema hapana, huyo mtoto, nataka mzee. Amekwenda mpaka kwa akida kuomba tawi la mkomamanga wake. Unajua alivyomjibu?"

Nilijua. Mkomamanga wa akida ulijulikana kwa kila mtu. Aliuleta mwenyewe kutoka pwani alipoteuliwa, akaupanda katikati ya ua wake, na alipenda kusema kwamba mti huo hauna ndugu bara yote. Matawi yake ya chini yalikuwa yamejipindapinda vizuri, maua mekundu, majani madogo. Aliyeomba mche alijibiwa jibu moja: mti huu ukikatwa tawi unakufa. Bibi naye alijibiwa hivyo hivyo. Na mumewe hakutaka kumlazimisha, maana akida ndiye aliyemtafutia vibarua.

"Kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wake," nikarudia. "Hata kufungua seng'enge?"

Mpishi aliniangalia. Akaacha kucheka.

Kuna jambo nililiona Kang'ata nilipokuwa msichana. Nyuma ya nyumba ya mama palikuwa na mpera, na kwenye tawi lake la chini tulifunga mbuzi. Mbuzi yule alikuwa msumbufu, akivuta kamba kutwa, mpaka kamba ikalila ganda la tawi pande zote, ukabaki mti mweupe. Mchwa wakapajengea udongo. Masika ikaja. Siku moja nikaubandua ule udongo kwa kijiti, nikakuta ndani yake mizizi, myeupe, membamba, inatoka kwenye tawi lililo hewani. Nilimwita mama. Mama akasema niache kuchezea mchwa nikafagie. Lakini sikulisahau.

Basi nikajaribu. Nyuma ya nyumba yangu Kilole nilikuwa na mpera pia. Nilichagua tawi, nikalikata maduara mawili kwa kisu, nikabandua ganda lililo katikati, kisha nikapazungushia udongo wangu wa vyungu. Ulikauka ukawa kigae. Nilipoupasua, tawi lilikuwa limeoza. Mara ya pili nilichanganya udongo wa shambani na majani yaliyooza, ila ganda nililobandua lilikuwa jembamba mno, na mti ukajiziba wenyewe kama kidonda kinachopona. Mara ya tatu nilibandua upana wa vidole viwili, nikakwangua utelezi wote wa kijani mpaka nikafika kwenye mti mkavu, na mpishi akaniletea kutoka kwao milimani yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye magome ya miti ya msituni, ambayo hushika maji yasidondoke. Nikafunga kwa ganda la mgomba na kamba ya mkonge. Juu yake nikaning'iniza kichungu kidogo nilichokitoboa tundu la sindano chini, kiwe kinadondosha maji tone moja moja.

Baada ya wiki saba nilifungua. Mizizi ilikuwa imejaa mpaka inachungulia nje. Nilipiga kigelegele peke yangu nyuma ya nyumba, jirani akauliza nani amejifungua.

Sasa nikawa najua kuzalisha mti juu ya mti. Kilichobaki ni mti wenyewe, nao ulikuwa uani kwa akida.

Akida huyu alikuwa mtu wa kuogopwa. Neno lake lingempeleka mtu kubeba mizigo mpaka mwisho wa nchi, na askari wake wawili hawakubeba viboko kwa mapambo. Nasema haya ili ieleweke niliingia uani kwa nani siku ile, na mitungi mitatu ya wake zake. Alikuwa amekaa kibarazani, anazungumza. Alikuwa anazungumza daima. Alianza akifumbua macho na aliendelea mpaka usingizi umkatize, na aliyemsikiliza zaidi ya wote ni mke wake mdogo, binti mcheshi wa umri kama wangu, ambaye siku zile alikuwa na uso wa mtu anayeumwa kichwa.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Weka pale. Si pale, pale."

Nikaweka. Nikasimama mbele ya mkomamanga. Chini yake palikuwa pekundu kwa maua yaliyoanguka, jambo la kawaida kwa mkomamanga ulio kwenye ukame. Nikatikisa kichwa, nikatoa mguno.

"Unaguna nini?"

"Hapana, bwana. Naona tu mti wako unamwaga maua kabla hayajafunga tunda."

Alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Kumbe lilikuwa likimkera siku nyingi. "Ni jicho," akasema mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Kila apitaye anautazama."

Namshukuru kwa neno hilo. Mimi sikutaja jicho, wala uchawi, wala dawa. Nilisema tu kwamba kwetu Handeni kuna namna ya kufunga tawi, na tawi likifungwa vizuri, maua hushika. Hilo lilikuwa kweli tupu, maana nilikuwa nimeliona kwenye mpera: tawi lililobanduliwa ganda huchanua kuliko mengine.

"Lifunge," akasema.

"Lina masharti, bwana."

"Yataje."

Hapa nakiri shetani alinikalia begani. Sharti nililohitaji lilikuwa moja, kichungu kisikauke. Lakini nilimwona yule mke mdogo amekaa mlangoni na mkono kwenye paji la uso, ulimi ukajiendea.

"Kichungu hiki kijazwe kila asubuhi na mwenye mti mwenyewe, kwa mkono wake. Na asiwe ametamka neno kwa mtu yeyote kabla hajakijaza."

"Neno lolote?"

"Lolote."

"Na sala?"

"Sala ni ya Mungu, bwana. Nasema watu."

"Nikitoka msikitini watu wananisalimu."

"Inua mkono tu. Watakuheshimu zaidi."

Mke mdogo aliondoa mkono kwenye paji la uso, akanitazama.

Nilichagua tawi la chini lililojipinda kama kiwiko, nene kama kidole gumba cha mguu. Nikabandua ganda, nikakwangua, nikafunga. Akida alisimama juu yangu akiuliza kila ninachokigusa, nami nilimjibu ukweli kila alipouliza, isipokuwa hakuuliza kitakachotokea ndani.

Nilipokwenda tena, baada ya siku kumi, mke mdogo alinipokea nje ya ua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada," akasema, "wewe ni mtu wa peponi. Anaamka, anasali, anatoka, hasemi. Anakwenda taratibu makusudi asimwage maji. Mke mkubwa na mimi tunakunywa uji tunasikia ndege."

"Kichungu hakikauki?"

"Kikauke vipi! Lakini dada, hamna sharti la jioni?"

Nilimweleza yote siku ile, kwani nilihitaji mtu wa ndani, na kwa jinsi alivyokuwa akinitazama niliona hatanisaliti. Aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika muda mrefu.

Mwezi wa pili tawi lile likachanua kuliko mti mzima, na maua yakashika. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuniharibikia. Akida alifurahi kupita kiasi. Aliita watu waje kutazama. Alimwonyesha mkuu wa stesheni, alimwonyesha mfanyabiashara wa Kihindi, alitaka nifunge matawi yote. Nilifunga mengine mawili ili kumtuliza. Lakini nilipopapasa lile fungu la kwanza na kuona kamzizi kanachungulia kwenye ganda la mgomba, nikajua wakati umefika wa kulikata tawi, na mwenye tawi hawezi kukubali hata kidogo.

Nilijaribu. "Bwana, tawi la kwanza limemaliza kazi. Linapaswa kukatwa chini ya fungu, lipelekwe ng'ambo ya mto."

"Likatwe? Lenye maua yote haya?"

"Ndivyo lilivyo."

"Mwanamke, umelewa." Akanigeuzia mgongo.

Nilitoka nimevunjika moyo. Mke mdogo alinifuata mpaka kwenye kona. Akasema, "Niachie mimi, kesho."

Aliyoyafanya nilihadithiwa na mwenyewe, na kila alipohadithia aliongeza kidogo, kwa hiyo natoa kiini tu. Asubuhi, akida anatoka na kata ya maji, taratibu, mdomo umefungwa. Mke mdogo akatokea nyuma yake na kumwambia kwa adabu kwamba askari mmoja amesema nje, mbele ya watu, kuwa akida wa Korogwe hajui Kijerumani hata neno moja.

"Mwongo!" akida akapaza sauti. "Najua maneno mengi!"

Kata ikamponyoka. Akatazama mti. Na kwa bahati yangu, au kwa sababu mizizi ilikuwa imebanwa siku nyingi na jua lilikuwa kali, maua mawili ya tawi lile yakaanguka mchana ule ule. Mke mdogo aliniapia kwamba hakuyagusa. Sijawahi kumwamini.

Kabla ya alasiri akida alikuwa mlangoni kwangu, yeye mwenyewe, bila askari.

"Nimesema," akanong'ona.

"Umesema neno gani, bwana?"

"Mwongo."

Nilijikaza nisicheke, nikainama kuokota kigae ambacho hakikuwepo. Nikamwambia sharti limevunjika, basi tawi likatwe leo. Alilikata kwa mkono wake, kwa kisu chake kizuri cha mpini wa fedha, chini kidogo ya fungu pale nilipomwonyesha. Nililipokea kama mkunga anavyopokea mtoto. Kisha akamwamuru askari wake anibebee kikapu mpaka ng'ambo ya mto, kwa heshima, asikitikise. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba la mkonge, na jikoni mwa shamba alikuwepo mpishi, anangoja.

Chombo nilikuwa nimekifinyanga mapema: kipana, kifupi, chenye matundu matatu chini ya kutolea maji. Tulilipanda tawi nyuma ya jiko, kivulini. Nikapunguza majani nusu, nikakata maua yote, mpishi akalalamika kama nimemkata vidole. Kwa wiki mbili lilipukutisha hata majani niliyoyabakiza. Mpishi alikuja Kilole kila jioni na uso wa msibani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kufikiri nitamwambia nini bibi. Ndipo likatoa vijani vyekundu, vidogo kama punje za mtama, mpaka kwenye kiwiko.

Siku tuliyompelekea bibi, aliweka mikono mashavuni. Alizunguka meza mara tatu. "Mzee mdogo," alisema, safari hii kwa usahihi kabisa. Kisha akauliza ninataka nini. Nilisema udongo. Alidhani hajasikia vizuri, akamwita mpishi afasiri, na mpishi, ambaye Kijerumani chake kilikuwa cha misheni, alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyosema mimi. Mwisho wa wiki mumewe alituma watu, wakaweka lango dogo kwenye seng'enge, na sisi wanawake sita tukaruhusiwa kuingia Jumatatu na Alhamisi kuchimba. Wenzangu walipouliza nimefanyaje, niliwaambia nimemfinyangia bibi sahani.

Ingeishia hapo ningelala vizuri. Lakini Jumapili moja akida alialikwa barazani kwa mambo ya vibarua. Mimi nilikuwa uani nimeleta mitungi. Nilimwona anapanda ngazi, anaamkia, anakaa, kisha macho yake yanatua mezani. Aliliona shina lililojipinda kama kiwiko. Alilitazama muda mrefu. Kisha akageuka polepole akanitazama mimi.

Bibi alifurahi kuona anautazama. "Akida! Unaujua mti huu?"

Nilihesabu pumzi zangu. Angeweza kusema: nimeibiwa. Lakini hapo hapo angelazimika kusema ameibiwaje, na nani aliyelimwagilia tawi, na nani aliyelikata, na nani aliyetoa askari wa kulibeba. Mdachi alikuwa amekaa palepale na biri yake, mtu mwenye kicheko kikubwa. Akida aliyapima yote hayo, niliona usoni.

"Naujua, bibi," akasema, akanyoosha kanzu yake. "Ni zawadi yangu. Nimeulea kwa mikono yangu. Nilimpa huyu mwanamke akuletee."

Bibi alimshukuru sana, akamletea kahawa kwenye kikombe cha wageni. Akida akanywa, akaanza kueleza jinsi alivyoulea, kwa urefu.

Kesho yake alikuja kwangu. Alifunga mlango wa ua nyuma yake. Hapo sikuwa na hamu ya kucheka.

"Ningeweza kukuchapa viboko mbele ya soko zima," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Ulinifanya ninyamaze miezi mitatu."

"Ndiyo, bwana. Nisamehe." Na nilimaanisha. Nilikuwa nimeuona uso wake barazani kabla hajajikaza, nao ulikuwa uso wa mtu aliyeupenda mti kwelikweli. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Akakohoa. "Yale matawi mengine mawili uliyoyafunga. Nayo yana mizizi?"

"Yanapaswa kuwa nayo."

"Bibi amemwandikia bwana mkubwa wa boma la Handeni kwamba mimi ni fundi wa miti midogo. Bwana mkubwa anataka mmoja." Akatazama pembeni. "Nifundishe."

Basi nilimfundisha. Alikunja mikono ya kanzu, akachuchumaa kwenye ua wangu, mtu aliyezoea kuchuchumaliwa. Nilimwonyesha kubandua ganda, kukwangua utelezi, kukamua manyoya ya milimani mpaka yaache kudondosha. Udongo nilimwambia auchanganye na samadi ya mbuzi kwa mikono mitupu mpaka ilainike. Samadi haikuwa ya lazima. Mpishi alipita njiani, akatuona, akarudi alikotoka akikimbia, na baadaye nikasikia alikwenda kucheka mtoni.

Lakini alijifunza. Mikono yake ilikuwa mizito, ila alikuwa na subira kwa mti ambayo sikuwahi kumwona nayo kwa watu. Kati ya matawi manne aliyoyafunga baadaye, mawili yalikufa, na kwa kila moja alikuja kuniuliza amekosea wapi, akaketi, akasikiliza jibu mpaka mwisho. Vyombo nilimfinyangia mimi. La Handeni lilibebwa na wapagazi wawili kwenye machela, chini ya mwavuli, naye alilisindikiza kwa miguu mpaka nje ya mji akiwaelekeza pa kukanyaga.